Kibao Kilichoandikwa Chungu

Tarehe 27 Januari, siku ya sikukuu ya Kaisari, mwaka wa tatu tangu gari la moshi lifike Dodoma, nilimpoteza mdogo wangu wa kike. Alikuwa na miaka sita, au mitano na kitu. Mama alihesabu kwa mvua, na mvua za kwetu hazihesabiki vizuri. Hakuwa mgonjwa. Asubuhi ya siku hiyo alitembea kwa miguu yake kutoka nyumbani hadi bomani, mwendo wa saa mbili na zaidi, na nusu ya njia alikuwa anaimba.

Nimekaa miaka mingi bila kuiandika habari hii. Nilisoma miaka mitatu tu, na maneno niliyoyapata shuleni ni machache. Moja kati ya hayo machache lina sehemu yake katika kifo kile, na jingine ambalo sikulijua lina sehemu kubwa zaidi. Nitaeleza kwa utaratibu.

Shule ilikuwa ya Serikali, chumba kimoja cha matofali mabichi chini ya boma. Jumbe wetu alidaiwa watoto wa shule kama alivyodaiwa watu wa kazi, na mimi nilipelekwa kwa sababu baba hakuwapo nyumbani kukataa. Baba alikwenda kufanya kazi ya reli ilipokuwa inasonga kuelekea magharibi. Hakurudi, na hatukupata mtu wa kutuambia kwa nini. Katika tembe yetu tukabaki watatu: Mama, mimi na mdogo wangu.

Kiswahili nilikikuta shuleni. Nyumbani tulisema Kigogo, na Mama hakujua Kiswahili zaidi ya salamu na maneno ya kodi. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa pwani, mwembamba, mwenye kanzu moja aliyoifua mwenyewe kila Alhamisi. Alitufundisha maneno kwa kutuonyesha vitu. Siku ya somo la vitu vingi na kimoja alileta chungu cheusi cha jikoni kwake, akakigonga kwa kidole mbele yetu, akauliza hiki ni nini. Tukajibu wote kwa pamoja, chungu. Vikiwa viwili? Vyungu. Chumba, vyumba, chungu, vyungu. Aliyesema machungu au zichungu alipigwa fimbo ya kiganja. Mimi nilipigwa mara mbili. Baada ya hapo neno chungu lilinikaa vizuri.

Nyuma ya shule palikuwa na shamba. Bwana Shauri, ndivyo tulivyomwita Mjerumani aliyetawala pale bomani, alitaka watu wa Ugogo wasitegemee mtama na uwele peke yake, kwa kuwa njaa ilikuwa haikai miaka mingi bila kutujia. Akaagiza vijiti vya muhogo kutoka pwani. Vilikuja kwa gari la moshi vimefungwa katika magunia yaliyoloa, na sisi wengine tuliviona tukadhani ni kuni. Mwalimu akatuonyesha namna ya kuvilaza ardhini. Tulipanda mistari minane. Mbele ya mistari mitano alichomeka kibao, na mbele ya ile mitatu ya mwisho akachomeka kibao kingine. Lami aliyopewa na watu wa reli ilikuwa kidogo tu ndani ya kopo, kwa hiyo kila kibao alikiandika neno moja. Kimoja kilisema TAMU. Kingine kilisema CHUNGU.

Mtu aliyezaliwa ndani ya Kiswahili amekwisha kuelewa. Sisi tulielewa namna nyingine. Mara kadhaa tulimwona Mwalimu akichimba muhogo mmoja kwenye mistari ya TAMU, akaumenya kwa kisu na kuutafuna mbichi akiwa amesimama. Tukajua huo ni wa kutafuna hivyo hivyo. Na ule mwingine ni wa chungu, yaani wa kupika. Hakuna aliyebisha. Ladha inayochukiza ulimi ina neno lake katika Kigogo, halifanani na hilo hata kidogo, na kwa Kiswahili hatukuwa tumefundishwa. Mwalimu alisema siku ya kuvuna ndipo atakapotueleza kazi ya kila mstari.

Siku ya kuvuna ilikuja yeye akiwa kitandani. Siku sita kabla ya sikukuu, askari alikuja shuleni na amri ya Bwana Shauri. Wanafunzi wasimamishe vibanda vinne kando ya uwanja wa gwaride. Wapike wenyewe mazao ya shamba la shule na ya nchi, kwa namna ambayo watu hawajaizoea, wayauze kwa hela moja moja, ili watu wajifunze kula vitu vipya. Wanafunzi wa kibanda kitakachomaliza chakula kwanza, kila mmoja atapewa mfuko wa mtama, kiasi cha mtu kubeba kichwani.

Mwalimu alikuwa katika siku ya nne ya homa. Tulimpelekea maji dirishani, akatutazama bila kututambua.

Mimi nilipousikia mfuko wa mtama sikusikia tena yaliyofuata. Januari ni mwezi mbaya kwetu. Shamba linataka palizi, mtama ni mdogo kama nyasi, na wa mwaka uliopita umekwisha. Kilindo chetu, lile pipa la gome la mti la kuwekea nafaka, kilikuwa kitupu kiasi kwamba mdogo wangu aliingia ndani yake kucheza. Tulikuwa tunakula mlenda mara moja kwa siku, na siku nyingine mlenda bila ugali. Mdogo wangu miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba kidogo juu ya nyayo. Mama aliibonyeza kwa kidole kila asubuhi, akaangalia kama shimo la kidole linafutika.

Tulikaa darasani bila mwalimu tukagawana vibanda. Kulikuwa na kijana mmoja wa mjini ambaye babu yake alikuja na misafara ya pembe akabaki. Huyo alizaliwa na Kiswahili, na alitucheka kila tulipofungua mdomo. Yeye na wenzake walichukua uwele. Alisema watausaga, wauchanganye na maziwa, wakaange vitumbua kwa samli, vitumbua vya uwele, kitu ambacho hata pwani hakijaonekana. Kisha akatugeukia sisi wa vijijini.

“Na nyinyi mtauza nini? Mlenda? Mtu atoe hela anunue mlenda, na unajiotea mlangoni kwake?”

“Wewe tutakuuzia,” akajibu mwenzangu mmoja. “Wewe hata mlango wenyewe umepanga.”

Tulicheka sana, na yeye mwenyewe alicheka. Nakumbuka kicheko kile kwa sababu baada ya pale sikuwahi kucheka katika chumba kile tena.

Mawazo yalikuja mengi, na sikumbuki mengine ya nani. Kundi moja lilisema litakaanga karanga ndani ya mchanga wa moto na kuzinyunyizia chumvi ya mbugani. Jingine lilichukua ubuyu. Watakoroga maji ya ubuyu katika vibuyu vidogo, na mbegu zake watazikaanga mpaka ziwe nyeusi, wazitwange, wazichemshe, wawauzie wasimamizi wa reli kama kahawa. Walifanya hivyo kweli. Kahawa ile haikunyweka, lakini wasimamizi walicheka wakainunua.

Sisi tulikuwa watatu, tukabaki na muhogo. Wazo lilikuwa langu. Niliwaambia wenzangu kwamba watu watakuja kutazama gwaride na tarumbeta, na mtu anayetazama hakai chini wala hanawi mikono. Chakula chetu kiwe cha kushika kwa mkono mmoja mtu akiwa anatembea. Muhogo tuuchome kwenye makaa, tuutwange ungali moto pamoja na karanga, tufinyange vidonge, kila kidonge tukichomeke kwenye kijiti. Wenzangu walipenda. Tukachimba muhogo mmoja tuujaribu, na kwa kuwa ulikuwa wa kupikwa tulikwenda kwenye mistari ya kibao cha CHUNGU. Mihogo yake ilikuwa minene kuliko ile mingine.

Tulionja. Ulikuwa na ukali mdogo nyuma ya ulimi, uliokaa baada ya kumeza. Mwenzangu mmoja alitema. Nilimwambia ana mdomo wa mtoto wa maziwa. Majani tuliyokula nyumbani wakati wa njaa yalikuwa makali kuliko hayo, Mama aliyachemsha tukala, na hakuna aliyekufa kwa ukali wa mboga. Ndipo niliposema maneno haya, na ni yangu, si ya mtu mwingine: tutaupaka asali, asali itaufunika.

Mama alikuwa na kibuyu kimoja cha asali. Baba alikileta kutoka upande wa Mlali kabla hajaondoka, alibadilishana na mtu kwa mbuzi. Mama alikuwa anatoa humo kwa kikohozi tu, tone kwa kijiti. Nilipomweleza habari ya mfuko wa mtama alikitikisa sikioni akasikiliza, akaniuliza kama nina hakika ya kushinda. Nilisema ninayo. Akanipa chote.

Mdogo wangu alitaka kwenda kuona tarumbeta. Alikuwa na kibuyu kilichopasuka alichokibeba mgongoni kwa kitambaa kama mtoto, akasema mtoto wake hajawahi kuona askari. Mimi sikutaka, kwa sababu ya urefu wa njia. Mama alikuwa ameshika jembe tayari kwenda kupalilia.

“Mchukue,” alisema. “Akale huko. Hapa leo hakuna.”

Kwa hiyo tulikwenda.

Sikukuu sitaieleza sana. Askari walipita kwa mistari, bendera ikapandishwa, Bwana Shauri alisema maneno marefu na mkalimani akasema mafupi. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuwaona mahali pamoja. Wenzangu walikuwa wamechoma muhogo tangu alfajiri. Walilala shuleni kwa ajili hiyo. Kinu tuliazima kwa wake wa askari. Mmoja wetu alichoma, mmoja alitwanga, na mimi nilifinyanga, nikachomeka vijiti na kupaka asali. Watu walicheka kuona chakula kwenye kijiti. Mzee mmoja aliuliza kama ni cha kula au cha kufukuzia nzi. Akanunua, akala, akarudi na mke wake.

Nyumbani mdogo wangu alikuwa na haki moja ambayo hakuna aliyemnyang'anya. Mtoto wa mwisho kwetu ndiye mwenye kulamba: ukoko wa chungu ni wake, na kinachobaki kinuni ni chake. Alijua hivyo hata pale uwanjani. Alikaa nyuma ya kinu na kibuyu chake mgongoni, na kila tulipomaliza kutwanga alivuta kinu kwake, akaingiza mkono mpaka begani. Wenzangu walimwacha. Mimi nilimwona akila nikafurahi. Tangu Mama aanze kumbonyeza miguu sikuwa nimemwona akila namna ile, bila kututazama usoni kwanza. Vidonge vilivyopasuka nilimpa. Asali ilipofika chini ya kibuyu, ikawa haitoki tena kwa kijiti, nilitia maji kidogo, nikatikisa, nikammiminia kinuni pamoja na masalio.

Jua lilipokuwa karibu na utosi, yule kijana wa mjini alikuja kutoka kwenye kikaango chake, mikono ina unga. Alitazama maganda yetu yaliyorundikana, akaokota moja, akalinusa.

“Mmeuloweka huu?” aliuliza.

Neno hilo sikulijua. Mwalimu hakuwa amelifikia. Ningeweza kumwuliza ni kufanya nini. Lakini wiki nzima alikuwa ametucheka, watu walikuwa wamesimama mbele yangu na hela mkononi, na kibanda chake kilikuwa kimebakiza vitumbua vichache kama sisi tulivyobakiza vidonge vichache. Niliona kama anataka kunipotezea muda.

“Ndiyo,” nilisema. “Tumeuloweka.”

“Basi vizuri,” akasema. Akachukua kidonge kimoja, akala, akarudi kwake.

Tulimaliza kwanza. Bwana Shauri alikuja mwenyewe, akatazama sinia tupu, akasema kitu kwa lugha yake, na mkalimani akasema Bwana amefurahi, hawa wamejua kuwafundisha watu kula muhogo. Mifuko mitatu ya mtama ililetwa na askari ikawekwa miguuni petu. Mdogo wangu alikaa juu ya mfuko wangu. Aliupigapiga kwa viganja kama mtu anayepiga ngoma.

Haukupita muda mrefu akasema, “Kaka, ardhi inacheza.”

Nilidhani anasema juu ya ngoma za askari. Alishuka, akatembea hatua chache kwa kupepesuka, akacheka, akajaribu tena. Kisha akaketi, akatapika. Wenzangu walisema ni kushiba baada ya njaa, tumbo limeshangaa. Mimi pia niliona hivyo, nimewahi kuona watu wakitapika ugali wa kwanza wa mavuno. Nikampa maji. Akatapika na maji. Mimi mwenyewe kichwa kilikuwa kinaniuma, nilikuwa nimekula vidonge viwili, nikasema ni jua na moshi. Nilipomwona anapumua haraka, kama mbwa aliyekimbia, niliamua kumrudisha kwa Mama. Sikufikiria daktari wa boma. Watu wa kwetu hawakwenda kwake kwa hiari, na mimi sikujua kama alikuwa wa watu kama sisi.

Mfuko wa mtama na mtoto sikuweza kubeba vyote viwili. Niliwaachia wenzangu mfuko.

Nilimfunga mgongoni kwa kitambaa kile cha kibuyu. Kibuyu nikakishika mkononi kwa sababu alikitaka. Njia ilikuwa kavu, jua kali, hakuna wingu. Mwanzoni alinijibu. Nilimwuliza amependa nini, akasema tarumbeta. Nilimwuliza tena, akasema tarumbeta. Tulipofika kwenye mbuga nyeupe, pale wanawake wanapokwangua udongo wa chumvi, alijinyoosha mgongoni kwangu kwa nguvu mara moja, miguu yake ikanipiga kiunoni. Halafu akawa mzito. Niliendelea kusema naye. Nilimweleza namna Mama atakavyosonga ugali jioni ile, mkubwa, na yeye atalamba chungu. Nilijua, nadhani, lakini nilisema mpaka tukamaliza mbuga yote.

Mama alikuwa bado shambani. Alituona kwa mbali akanyoosha mgongo.

“Amelala?” aliita. Kisha, tulipokaribia, akasema kwa sauti ya chini asimwamshe, “Tarumbeta zimemchosha.”

Akaweka jembe chini aje kumpokea.

Tulimzika asubuhi iliyofuata nyuma ya tembe, na kibuyu chake. Tulinyolewa. Watu walikuja kukaa nasi, wachache, kwa kuwa hakuna nyumba iliyokuwa na chakula cha msiba. Mchana wenzangu wawili walifika na mfuko wangu wa mtama. Walikuwa hawajui. Waliingia uani wakiwa wanacheka kwa uchovu, wakaona vichwa vyetu, wakaushusha mfuko polepole. Kwa mtama ule tuliwalisha waombolezaji siku tatu. Mama aliusonga mwenyewe. Nami niliula, nilikuwa na njaa.

Wenzangu ndio walioleta habari za mjini. Waliokula kidonge kimoja au viwili walitapika jioni ile, wengine waliumwa kichwa tu. Mke wa askari mmoja alilala siku mbili, akapona. Yule kijana wa mjini alitapika akapona. Hakuna mwingine aliyekufa. Hakuna mwingine aliyekula namna mdogo wangu alivyokula, wala aliyekuwa na tumbo tupu kama lake.

Niliporudi shuleni baada ya siku kadhaa, Mwalimu alikuwa ameinuka kitandani. Tulipangwa mistari uwanjani. Daktari Mjerumani alikuwa ameangalia maganda na kibao, na Bwana Shauri alikuwa na hasira. Mwalimu aliulizwa mbele yetu kwa nini hakutuambia kwamba mistari ile mitatu ina sumu.

“Niliandika,” alisema.

Kibao kililetwa, akaonyeshwa, naye akakitazama kama mtu anayesoma barua isiyokuwa yake. Alipewa hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, akiwa amelazwa chini na kanzu imepandishwa. Alikuwa bado dhaifu kwa homa. Sisi tulihesabu kimoyomoyo kwa Kiswahili kama alivyotufundisha. Hakuna aliyeniuliza mimi neno lolote. Nilisimama mstari wa pili, na sikusema.

Siku chache baadaye Mwalimu alikuja kwetu kwa miguu. Alikuwa na kikapu cha mihogo. Hakuweza kuketi, akasimama ameegemea ukuta wa tembe, akampa Mama pole. Mama hakumwelewa. Ikabidi mimi nikae kati yao, niyahamishe maneno ya huyu kwa yule.

Mama alisema nimwulize hilo neno lililoandikwa, kwao lina maana gani. Nilimwuliza. Mwalimu alifikiri, akasema lina maana mbili: chombo cha kupikia, na ladha isiyo tamu. Alisema katika lugha yake mtu hazichanganyi, na mimi sijui kwa nini hakuwaza kwamba wengine wanaweza kuzichanganya. Nilimpa Mama maneno hayo kwa Kigogo. Akasema nimwambie amesikia.

Kisha Mwalimu akasema Bwana Shauri ameamuru mihogo yote ya mistari ile ing'olewe ichomwe moto, lakini yeye ameomba isichomwe, na hii ya kikapuni ni ya huko. Mvua ilikuwa imesimama tangu siku ya sikukuu, na mtama shambani ulikuwa umeanza kukunja majani. Alisema muhogo huo hauui ukishughulikiwa. Bibi yake alimlea kwa huo. Nimwambie Mama kwamba mtama wa mfuko utakwisha. Kisha alinifundisha, na mimi nikamfundisha Mama: muhogo humenywa, hukatwa, hutiwa ndani ya maji siku tatu au nne mpaka ulainike na kunuka, ndipo huanikwa juani na kutwangwa unga.

“Huko kuutia majini siku zote hizo,” Mwalimu alisema, “ndiko kuuloweka. Mwambie mama yako neno hilo halina haraka.”

Mama aliniuliza amesema nini. Nilimwambia amesema uwekwe majini siku nne.

Mwalimu aliondoka kabla jua halijapoa. Alihamishwa mwaka ule ule kwa gari la moshi, na sikumwambia kamwe nitakayoyaandika sasa.

Tulibaki uani, Mama na mimi, kikapu kikiwa kati yetu. Mama aliutazama muhogo kwa muda mrefu bila kuugusa. Halafu aliingia ndani, akatoka na kisu na mtungi wa maji, akaanza kumenya. Nami nikamenya. Nilipokuwa kwenye muhogo wa tatu nilimwambia. Nilimwambia kwamba kuna mtu aliyeniuliza pale kibandani, kwamba sikuelewa alichouliza, na nilisema ndiyo. Nilimwambia pia nilionja ukali na nikaufunika kwa asali yake, na asali ya mwisho nilimmiminia mtoto kinuni kwa mkono wangu.

Mama aliacha kumenya. Hakunitazama. Aliuweka muhogo juu ya goti lake, akaushikilia hapo.

“Alishiba?” aliuliza.

“Alishiba, Mama.”

Akachukua kisu. Akaumaliza ule muhogo, akaukata vipande vitatu, akavitia majini.